Vipimo vya Akili na Mlango wa Shule

Kipimo cha akili cha mtoto ni mkusanyiko wa kazi fupi zinazokusudia kuonyesha jinsi anavyofikiri akilinganishwa na watoto wa umri wake. Mtihani wa darasani huuliza yale yaliyofundishwa, kama vile kugawanya, tahajia au majina ya mito. Kipimo cha akili hulenga uwezo wa kujifunza wenyewe: kung'amua uhusiano wa vitu, kukumbuka, kupambanua maumbo, kuelewa maneno na kufanya kazi kwa wepesi. Nchini Marekani na Uingereza vipimo vya aina hii vimetumika kwa miongo mingi kuamua nani aingie shule fulani na nani awekwe katika darasa la wenye vipaji. Baadhi ya shule za kimataifa za Afrika Mashariki zinazofuata mtaala wa Uingereza nazo huvitumia.

Vilikoanzia

Mwaka 1882 Ufaransa ilifanya elimu ya msingi kuwa ya lazima. Madarasa yakapokea watoto wa kila namna, na walimu wakakuta baadhi yao hawaendi sambamba na wenzao. Mwaka 1904 serikali iliunda tume ya kutafuta njia ya kuwatambua watoto hao ili wapewe mafunzo maalumu. Mmoja wa wajumbe wake alikuwa mwanasaikolojia Alfred Binet.

Mwaka uliofuata, Binet na daktari Théodore Simon walitoa kipimo chenye kazi 30, kuanzia rahisi hadi ngumu. Ya kwanza ilikuwa kufuata kwa macho njiti ya kiberiti inayowaka. Za mbele zilimtaka mtoto arudie tarakimu alizosomewa, ataje vitu vilivyomo pichani, au aeleze tofauti ya nzi na kipepeo. Mwaka 1908 kazi hizo zilipangwa kwa umri, hata ikawezekana kusema kwamba mtoto wa miaka 8 anafikiri kama wa miaka 6, au kama wa miaka 10. Binet hakuamini kwamba namba hiyo ni kitu kisichobadilika. Alishikilia kuwa akili ya mtoto hukua kwa mazoezi na mafunzo mazuri, na kipimo chake kilikusudiwa kumtafutia msaada anayeuhitaji. Alifariki mwaka 1911.

Mwaka 1912 Mjerumani William Stern alipendekeza umri wa akili ugawanywe kwa umri wa kuzaliwa. Hapo ndipo ilipozaliwa IQ: mtoto wa miaka 8 anayefaulu kazi za miaka 10 anapata 10 gawanya kwa 8, mara 100, yaani 125. Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alitoa toleo lake la kipimo cha Binet mwaka 1916, na akakipa kazi nyingine. Yeye aliamini kuwa akili kwa sehemu kubwa hurithiwa, na kwamba taifa linapaswa kuwatafuta mapema wenye akili nyingi. Kuanzia mwaka 1921 alikusanya watoto zaidi ya 1,500 wa California waliopata alama za juu, na maisha yao yakafuatiliwa kwa miongo kadhaa. Wengi walifanikiwa. Lakini wavulana wawili waliopimwa na kuachwa kwa kutofikisha kiwango, William Shockley na Luis Alvarez, baadaye walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia, mmoja mwaka 1956 na mwingine mwaka 1968. Katika kundi lililochaguliwa hakuna aliyepata tuzo hiyo.

Namba inavyopatikana

Hesabu ya Stern haitumiki tena. Vipimo vya sasa hufuata njia ya David Wechsler, aliyetoa kipimo cha watoto wa shule mwaka 1949 na cha watoto wadogo zaidi mwaka 1967. Kwanza kipimo hufanywa na kundi kubwa la watoto wanaowakilisha nchi husika. Wastani wa kila umri hupewa alama 100, kisha kila mtoto anayepimwa baadaye hulinganishwa na kundi hilo. Takriban theluthi mbili ya watoto huangukia kati ya 85 na 115. Wanaofika 130 au zaidi ni kama 2 katika kila 100, na programu nyingi za vipaji huuweka mstari wao hapo.

Kipimo cha Wechsler hufanywa na mtoto mmoja kwa wakati, mbele ya mwanasaikolojia, kwa muda wa saa moja hivi. Mtoto hupanga vibao vyekundu na vyeupe vifuate mchoro, hurudia mfululizo wa tarakimu kutoka mbele na kutoka nyuma, hueleza maana za maneno, na husema vitu viwili vinafanana kwa lipi. Kipimo alichotoa Mwingereza John Raven mwaka 1938 hakihitaji maneno: mtoto huonyeshwa mchoro uliokosa kipande, akachagua kinachofaa. Vipo pia vipimo vya kufanywa na darasa zima kwa pamoja, ambavyo ni nafuu kwa gharama lakini havimpi mtaalamu nafasi ya kuona kama mtoto ameelewa maagizo, ana njaa, au anaogopa.

Kila alama ina mashaka yake. Mtoto aliyepata 128 leo angeweza kupata 124 au 132 siku nyingine bila akili yake kubadilika hata kidogo. Kwa sababu hiyo ripoti nzuri hutaja masafa ambayo alama halisi inaweza kuwamo, badala ya namba moja tu. Umri nao una uzito: alama za mtoto wa miaka 4 huyumba kuliko za mtoto wa miaka 10. Katika umri huo mdogo, kukaa kitini, kumzoea mtu mgeni na kushika kalamu vyote huingia katika matokeo.

New York na Florida

Jiji la New York linaonyesha vizuri yanayotokea kipimo kinapofanywa kuwa mlango. Kuanzia mwaka 2008, mtoto aliyetaka nafasi katika madarasa ya vipaji ya shule za umma alipimwa akiwa na miaka 4 hivi, kwa viwango vya aina moja jiji zima. Kuomba darasa la vipaji katika wilaya yake kulihitaji awe amewazidi watoto 90 kati ya 100 wa umri wake, na shule chache zilizochukua watoto wa jiji zima zilidai 97. Kwa kuwa nafasi zilikuwa haba, waliopata 97 wengi walibaki nje.

Haraka ikazuka biashara ya vitabu vya mazoezi na walimu wa tuisheni kwa watoto wa chekechea. Wazazi wenye uwezo walilipa, na watoto wao wakaingia chumba cha kipimo wakiyafahamu maswali ya namna ile. Mitaa ya matajiri ikatoa wafaulu wengi, ilhali katika baadhi ya wilaya za Bronx na Brooklyn walipatikana wachache kiasi kwamba darasa la vipaji halikufunguliwa kabisa. Jiji lilibadilisha sehemu ya kipimo na kuongeza maswali ya maumbo, lakini pengo halikuzibika. Januari 2021 jopo la sera za elimu la jiji lilikataa kuidhinisha mkataba wa kipimo hicho, na nafasi zikaanza kutolewa kwa mapendekezo ya walimu wa chekechea pamoja na kura ya bahati. Shule za binafsi za jiji hilo, zilizotumia kipimo cha Wechsler kwa miaka mingi, zilikuwa zimeshalegeza kamba: mwaka 2013 umoja wao ulitangaza kuwa hautakipendekeza tena.

Huko Florida kipimo kilifanya kazi tofauti. Katika kaunti ya Broward, mtoto alipimwa tu ikiwa mwalimu au mzazi amempendekeza, na waliopendekezwa wengi walitoka familia zenye uwezo. Mwaka 2005 kaunti iliamua kuwapima kwa kipimo kifupi watoto wote wa darasa la pili, bila malipo, na waliofanya vizuri wakapelekwa kwa mwanasaikolojia. Wachumi David Card na Laura Giuliano walipochunguza matokeo, walikuta idadi ya watoto weusi walioingia programu ya vipaji imepanda kwa asilimia 80, na ya watoto wenye asili ya Amerika ya Kilatini kwa asilimia 130. Watoto hao walikuwapo siku zote, ila hakuna aliyewataja. Bajeti ilipobana na mpango ukakatwa, pengo lilirudi.

Kipimo kinaweza pia kumshusha mtoto. Huko California, vipimo vya IQ vilitumika kuwapeleka watoto katika madarasa ya waliodhaniwa kuwa na upungufu wa akili, na watoto weusi walikuwa wengi mno humo kupita idadi yao shuleni. Wazazi walikwenda mahakamani, na mwaka 1979 Jaji Robert Peckham akapiga marufuku matumizi hayo kwa watoto weusi wa jimbo hilo.

Kipimo kikisafiri

Kipimo kilichotengenezwa mahali pamoja hakifai moja kwa moja kwingine. Mwaka 1979 Robert Serpell alichapisha ulinganisho wa watoto wa Lusaka, Zambia, na wa Manchester, Uingereza. Walipotakiwa kunakili maumbo kwa kalamu na karatasi, watoto wa Manchester walishinda. Walipopewa waya wakunje, watoto wa Lusaka, waliozoea kutengeneza magari ya waya, walishinda wao. Kwa udongo wa kufinyanga walilingana. Akili ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni nyenzo.

Huko Usenge, magharibi mwa Kenya, Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto 85 ujuzi wa kutambua dawa za mitishamba na matumizi yake, kisha wakawapa vipimo vya kawaida. Waliobobea katika mitishamba walielekea kupata alama ndogo katika vipimo vya msamiati. Nchini Tanzania, katika shule za Bagamoyo, kikundi hichohicho kiliwapa watoto kipimo, kikawafundisha kwa muda mfupi namna ya kuyakabili maswali, kisha kikawapima tena. Alama zilipanda, na zile za mara ya pili zikaeleza uwezo wa mtoto vizuri kuliko za mara ya kwanza. Kwa mtoto asiyewahi kuyaona maswali ya aina hiyo, jaribio la kwanza hupima ugeni wake kwa kiasi kikubwa.

Mazingira nayo hubadilisha alama za jamii nzima. Huko Embu, Kenya, watoto wa vijijini waliopimwa kwa michoro ya Raven mwaka 1998 walifanya vizuri zaidi kwa mbali kuliko waliopimwa mwaka 1984. Miaka 14 haitoshi kubadilisha urithi wa damu. Watafiti walitaja lishe na afya bora, wazazi waliosoma zaidi, na familia zenye watoto wachache.

Lugha ni kikwazo kingine. Mtoto anayezungumza Kiswahili nyumbani akipimwa kwa Kiingereza, sehemu ya maneno huonyesha amekisikia Kiingereza kiasi gani. Hata kukumbuka tarakimu kunaathirika: utafiti wa Wales wa mwaka 1980 ulionyesha kuwa majina ya tarakimu yakiwa marefu kutamka, mtu hukumbuka chache kwa mkupuo. Kutafsiri maswali peke yake, kwa hiyo, hakutoshi. Inabidi wastani upatikane kwa watoto wa mahali husika, na hiyo ndiyo kazi ambayo watafiti wa Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, wamekuwa wakiifanya kwa miaka mingi: kutengeneza na kurekebisha vipimo vya ukuaji na akili vinavyowafaa watoto wa huko.

Afrika Mashariki

Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inakataza shule ya umma kumpa mtoto mtihani wa kumkubali au kumkataa. Inaruhusu tu ule wa kujua anafaa darasa gani. Tanzania Bara ina sekondari za vipaji maalumu, zikiwemo Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Kilakala, na wanafunzi wake huchaguliwa kwa matokeo ya mtihani wa darasa la saba. Mtihani huo hupima masomo, hivyo hubeba ndani yake ubora wa shule aliyotoka mtoto. Shule nyingi za binafsi zina usaili wao wa darasa la kwanza, ambao kwa kawaida ni maswali ya kusoma, kuhesabu na kujieleza yaliyotungwa na walimu. Usaili huo si kipimo cha akili, na mtoto anayekosa nafasi kwa sababu yake hajathibitishwa kuwa na upungufu wowote.

Mzazi anayeambiwa mtoto wake atapimwa ana haki ya kuuliza: kipimo ni kipi na kimesanifiwa kwa watoto wa wapi? Kitafanywa kwa lugha gani, na nani, na ana sifa gani? Masafa ya alama ni yapi? Mtoto aliyekuwa mgonjwa au mwenye hofu siku hiyo atapimwa tena? Matokeo yatamfungulia msaada gani? Ripoti nzuri humweleza mwalimu wapi mtoto ana nguvu na wapi aanze kusaidiwa. Shule isiyoweza kuyajibu maswali haya haifai kutumia alama moja kumfungia mtoto mlango.