Somo la Redio: Mpanda Pikipiki na Joto la Jua

(Haya ni maneno ya somo kama yalivyosemwa katika redio. Yasomeni tena darasani polepole. Mmoja asome, wengine wasikilize.)

Mwenye daftari na alifungue. Mwenye kalamu na aishike. Asiye na daftari asione haya, leo aandike moyoni mwake, maana somo letu ni la kulinda maisha.

Leo twazungumza juu ya pikipiki na jua. Huenda wewe ni dereva wa bodaboda. Huenda ni mchuuzi wa samaki, au mwalimu, nawe waenda kazini kwa pikipiki yako. Huenda huna pikipiki, lakini hupakiwa nyuma kwenda sokoni au hospitali. Nyote somo hili lawahusu.

Naanza kwa swali. Ni saa nane mchana. Jua linawaka. Mpanda pikipiki anaona joto jingi. Afanye nini? Wengi mtajibu upesi: "Avue koti, afungue vifungo vya shati, avue na kofia ngumu, apigwe na upepo." Jibu hilo laonekana ni la akili. Lakini mara nyingine ndilo linalomponza. Haya, tutazame sababu.

KAZI YA UPEPO

Ukipewa uji wa moto, wafanyaje? Waupuliza, nao unapoa. Unapoa kwa sababu pumzi yako ina joto dogo kuliko uji. Sasa chukua kipande cha barafu, ukiweke mbele ya upepo wa moto. Je, kitazidi kuwa baridi? Hasha. Kitayeyuka upesi.

Basi twaona kwamba upepo hauna baridi yake wenyewe. Upepo ni mchukuzi. Huchukua joto penye joto jingi, akalipeleka penye joto dogo.

Ndani ya mwili wa mtu mzima mna joto la digrii 37 hivi za Sentigredi. Ngozi yake, wakati wa jua kali, ina digrii 35 hivi. Hewa ikiwa na digrii 30, upepo utachukua joto lako na kwenda nalo. Hapo utaona raha. Lakini hewa ikipita digrii 35, mambo hugeuka. Upepo sasa unakuletea joto. Ukiongeza mwendo, unaletewa joto kwa haraka zaidi. Ni kama mtu aliyesimama mbele ya mlango wa tanuri la mikate.

Kuna mahali hewa hufika hapo. Mji wa Lodwar, kaskazini ya Kenya, mara nyingi hupita digrii 35 mchana, tena hewa yake ni kavu. Kutoka Lodwar kwenda Kakuma ni kilomita 120 hivi. Mpanda pikipiki anayekwenda njia ile kifua wazi hapozwi na upepo ule. Anakaushwa, kama samaki aliyeanikwa.

MWILI NI KAMA MTUNGI

Kama upepo haupozi mwili, ni nini kinachoupoza? Ni jasho. Lakini jasho linalodondoka chini halina faida kubwa. Jasho linalopoza ni lile linalokauka juu ya ngozi au juu ya nguo.

Mnaujua mtungi wa udongo. Maji ya mtungini ni baridi kuliko maji ya ndoo, hata kama vyote viwili vimewekwa kivuli kimoja. Kwa nini? Mtungi una vitundu vidogo sana. Maji hupenya polepole mpaka nje, mtungi ukawa na unyevu. Unyevu ule ukikauka, huondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Ndoo ya plastiki haitoki jasho, kwa hiyo maji yake hayapoi.

Mwili wako hufanya kazi kama mtungi. Nguvu ya jasho ni kubwa kuliko tunavyodhani. Lita moja ya jasho, ikikauka yote, huondoka na joto ambalo lingeweza kuchemsha lita saba za maji baridi. Hebu fikiri kuni ngapi zingetumika! Kazi yote hiyo hufanywa na jasho lako, kimya kimya.

Lakini mtungi ukiisha maji, hauna ubaridi tena. Na hili ndilo jambo kubwa la leo: mpanda pikipiki huishiwa maji bila kujua. Upepo wa njiani hukausha jasho mara linapotoka. Yeye hujitazama mkononi, haoni tone, husema, "Mimi leo sitoki jasho." Kumbe anatoka jasho jingi. Alama yake ni chumvi nyeupe inayobaki kwenye shati na pembeni mwa uso.

JIFUNIKE

Sasa twaweza kulijibu lile swali. Katika hewa kavu na ya moto sana, usivue nguo. Jifunike. Vaa shati jepesi la pamba lenye mikono mirefu, lenye rangi nyeupe au rangi isiyokoza. Lisikubane. Nguo hiyo huzuia jua lisichome ngozi. Huzuia pia upepo wa moto usikupige moja kwa moja, na jasho lako halipotei ovyo. Watu wa jangwani, Waarabu na wengine, wamejifunika toka kichwani hadi miguuni kwa karne nyingi. Wanalijua jua.

Ukipata maji hata yasiyofaa kunywa, lowesha shati lako au fulana ya ndani. Likamue kidogo, ulivae, kisha uvae koti juu yake. Acha nafasi ndogo shingoni ili hewa ipite. Lowesha pia kitambaa, ujifunge shingoni. Sasa maji yale yanakauka badala ya jasho lako, na akiba ya mwili wako inabaki. Shati likikauka, simama, ulowesha tena.

Na watu wa pwani? Kwenu ni namna nyingine. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, wakati wa kaskazi, hewa ina joto kama la digrii 32, nayo imejaa unyevu wa bahari. Jasho halikauki upesi. Linatiririka tu. Lakini kwa kuwa hewa ile haijapita joto la ngozi, upepo bado ni rafiki yako. Vaa nguo yenye kupitisha hewa, na ufungue matundu ya koti. Taabu yenu ni kusimama. Pikipiki ikikwama kwenye foleni ya magari, upepo hakuna, lami inatoa joto, na injini inachoma miguu. Foleni ikiwa ndefu, zima injini, tafuta kivuli, na unywe maji.

KOFIA NGUMU ISIVULIWE

Najua mtasema, "Kofia inanichemsha kichwa." Ni kweli, ina joto. Lakini sikilizeni hesabu hii. Tuseme kuna ajali ambazo zingewaua wapanda pikipiki 10 wasio na kofia ngumu. Kama wote wangeivaa, wanne hivi wangepona. Joto la kofia lina dawa. Kichwa kilichogonga lami hakina dawa rahisi.

Basi chagua kofia yenye rangi nyeupe na yenye matundu ya hewa. Vaa kitambaa chepesi cha pamba ndani yake, ukilowesha kwanza. Abiria naye apewe kofia, na kitambaa chake safi. Ukisimama kivulini, ivue, upumzike. Ukiwasha injini, ivae.

KUNYWA MAJI

Usingoje kiu. Kiu huja ukiwa umekwisha kupungukiwa na maji. Kunywa kabla ya kuondoka. Ukiwa juani, kunywa kikombe kimoja, yaani robo lita, kila baada ya dakika 20 hivi. Lakini usijaze tumbo kupita kiasi. Usipite lita moja na nusu kwa saa moja, maana maji mengi mno huipunguza chumvi ya damu, nayo ni hatari pia.

Chumvi iliyomo katika chakula cha kawaida huwatosha watu wengi. Kwa hiyo usiache kula. Mpanda pikipiki anayeshinda juani kwa chai tupu anajidhuru. Na pombe isiguswe. Pombe hupoteza maji ya mwili na kupoteza akili ya njiani.

Watazama vipi kama maji yanakutosha? Tazama mkojo wako. Ukiwa na rangi ya manjano hafifu, ni vizuri. Ukiwa mweusi kama chai ya rangi, mwili unalia maji.

JOTO HUANZA KWA AKILI

Mwili unapozidiwa na joto, hutoa ishara. Kichwa huuma. Misuli ya miguu hukaza. Kizunguzungu huja, na kichefuchefu. Ukiona moja tu kati ya hayo, simama. Usiseme, "Nitapumzika nikifika." Nenda kivulini, vua koti na kofia, jimwagie maji, kunywa polepole. Usiendelee na safari mpaka umerudi katika hali yako.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu joto huishika akili mapema. Dereva huchelewa kukanyaga breki. Husahau kutazama nyuma. Huliona shimo akiwa amekwisha kuliingia. Tena mgonjwa mwenyewe ndiye wa mwisho kujua. Kwa hiyo mtazamane kule kijiweni. Mwenzenu akianza kujibu maneno yasiyoeleweka, au akiyumba kama mlevi, mnyang'anyeni ufunguo. Akikasirika, na akasirike. Kesho atawashukuru.

Joto la ndani ya mwili likifika digrii 40 na zaidi, ni hatari ya kufa. Mtu huchanganyikiwa, huanguka, pengine hutupatupa mikono na miguu. Ngozi yake ni ya moto. Pengine ni kavu, pengine bado ina jasho. Hapo msingoje. Mlazeni kivulini, mvueni nguo nzito, mmwagieni maji baridi mwili mzima, na mmpepee kwa nguvu. Wekeni vitambaa vya maji baridi au barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena. Wako wanaoogopa kummwagia maji mtu mwenye mwili wa moto. Msiogope. Maji hayo ndiyo yanayomwokoa. Ila msimnyweshe maji mtu aliyezimia, yatampalia. Mmoja atafute gari la kwenda hospitali, wengine wasiache kumpoza, hata garini.

"MWALIMU, NA HESABU YA TAJIRI?"

Nasikia mtu akisema, "Mwalimu, pikipiki si yangu. Jioni tajiri anataka hesabu yake. Nikikaa kivulini, watoto watakula nini?" Ndugu yangu, neno lako ni kweli, wala silidharau. Lakini sikwambii ulale mchana kutwa. Ondoka mapema. Kati ya saa kumi na mbili na saa nne asubuhi fanya safari zako ndefu. Kati ya saa sita na saa tisa, safari fupi zikutoshe, na kila saa upumzike dakika 10 kivulini. Chupa ya maji na kitambaa kilicholowa si ghali. Dakika 10 za kivuli utazirudisha jioni. Siku 10 za kulala hospitali hutazirudisha, na hesabu itakuwa inangoja palepale.

JARIBIO LA DARASANI

Chukueni chupa mbili sawasawa, mzijaze maji ya joto moja. Moja izungushieni kitambaa kilicholowa. Nyingine iacheni tupu. Ziwekeni zote kivulini penye upepo kwa muda wa saa moja, mkikilowesha kitambaa kila kinapokauka. Kisha kila mtu anywe kidogo kutoka katika kila chupa, aseme ipi imepoa. Mkiishajua sababu, mmelijua somo lote.

MASWALI

1. Upepo unaupoza mwili wakati gani? Unauongezea joto wakati gani?
2. Kwa nini mpanda pikipiki hulipoteza jasho lake bila kuliona?
3. Mtu wa Lodwar na mtu wa Mombasa, je, wavae namna moja? Eleza.
4. Mwenzako ameanguka kijiweni, mwili ni wa moto, haelewi kitu. Utafanya nini kwanza?

Andikeni majibu kwa maneno yenu wenyewe, hata kama ni mstari mmoja. Halafu kila mmoja wenu amsomee mtu mmoja nyumbani au njiani, hasa mwenye pikipiki. Kesho kabla ya kuwasha injini, jaza chupa yako maji.