Droni Manyatta: Ununue, Ukodishe au Utumie Setilaiti?

Desemba 2011 Marekani ilipoteza nchini Iran ndege ya upelelezi isiyo na rubani, RQ-170, iliyoundwa bila mkia ili rada isiinase kwa urahisi. Lengo la muundo huo lilikuwa kujificha. Mkulima wa Manyatta anayetaka kuliona shamba lake kutoka juu analipia kinyume chake: kuonekana. Kanuni za Kenya za 2020 zinataka droni isajiliwe na mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, na isipande zaidi ya futi 400 kutoka ardhini. Na hata ungetaka kujificha, haiwezekani. Niliiona moja ikirushwa upande wa Kianjokoma. Wachumaji wa chai waliinua shingo kabla haijavuka mpaka. Inavuma kama mzinga uliochokozwa.

Droni ya kununua kwa bei nafuu ni kama DJI Mini 4K, chini ya gramu 249, iliyoingia sokoni 2024 kwa dola 299. Dola ikiwa shilingi 129, hiyo ni takriban 38,600, kabla ya usafirishaji, ushuru na vibali. Betri hudumu dakika 31 kwenye karatasi, lakini upepo wa mlimani hausomi karatasi, kwa hiyo hesabu na betri ya pili. Kwa nusu ekari ya chai mimi singenunua. Utalizunguka shamba kwa miguu na kurudi kabla birika halijachemka.

Setilaiti ya Sentinel-2 haikutozi hata senti. Tatizo ni kwamba hata kwenye picha yake kali zaidi kila doa ni mita 10 kwa 10, hivyo nusu ekari yako inakuwa madoa 20 hivi, chai na ua na paa la jirani vikichanganyika. Tena mawingu ya Mlima Kenya huifunga macho. Itafaa kuangalia ukingo wa msitu, si mistari ya chai.

Wenye kahawa chini ya kivuli cha miti ya migrevilea wasiharakishe kutoa pesa: droni itawapigia picha ya migrevilea.

Kwa kikundi, kukodi ndiko kunakolipa. Patana bei ya mashamba yote kwa pamoja, si kila mruko. Dai kuona leseni ya rubani na cheti cha mwendeshaji, na muulize kama utapewa ramani au picha tupu, na nani atabaki nazo, maana nyua za majirani zitakuwamo. Kamera ya kawaida haitakuambia chai imekosa mbolea; droni ya Mavic 3 Multispectral ina kamera nne za ziada kwa kazi hiyo. Na mwambie aje saa nne, ukungu ukishapanda.