Wabashiri wa Ramani

Mpwa wangu anatengeneza simu karibu na stendi ya Same. Usiku, bando linapokuwa nafuu, anafungua kompyuta na kuingia Azeroth. Hiyo ni dunia ya kubuni ndani ya gemu ya World of Warcraft, iliyotolewa na kampuni ya Blizzard ya Marekani Novemba 2004. Watu huicheza pamoja kupitia intaneti: mmoja yuko Same, mwenzake yuko Ujerumani, na wote wanapigana na joka lilelile. Kila baada ya miaka kama miwili kampuni huongeza nchi mpya, viumbe wapya na sura mpya ya hadithi. Nyongeza hiyo vijana wanaiita ekspansheni.

Mimi ni mwalimu wa jiografia mstaafu, na majoka hayanihusu. Kinachonivuta ni ile miezi ya kungoja, pale watu ambao hawajaiona nchi mpya wanapokaa chini na kuichora.

Novemba 2023, kwenye mkutano wake wa BlizzCon, kampuni ilitangaza ekspansheni tatu kwa mpigo, zote za hadithi moja: The War Within, iliyotoka Agosti 2024, kisha Midnight, na ya mwisho The Last Titan. Kuhusu hiyo ya mwisho ilisema machache. Wachezaji watarudi Northrend, bara la barafu la kaskazini ambalo waliingia mara ya kwanza mwaka 2008. Matitani, yale majitu ya kale yaliyoipanga dunia hiyo, yatarejea kwenye ngome ya Ulduar. Na itafichuka njama iliyojificha katika historia nzima ya Azeroth. Basi. Kutoka kwenye sentensi hizo watu wamechora milima, bandari na njia za kupita.

Wapo wanaosimamisha trela picha baada ya picha wakitafuta kivuli cha mnara. Wapo wanaofukua mafaili ya matoleo ya majaribio kutafuta majina ya mahali ambayo kampuni haijayataja hadharani. Na wapo wasomaji wa vitabu, hawa ndio ninaowapenda. Mwaka 2016 kilitoka kitabu cha kwanza cha World of Warcraft: Chronicle, kinachosimulia dunia hiyo tangu kuumbwa kwake. Wachezaji wakakipokea kama msahafu. Baadaye watunzi wenyewe wakasema kitabu kile kimesimuliwa kwa jicho la matitani. Hapo kila mstari ukaanza kusomwa upya: kama msimulizi ndiye aliyetawala, je, alificha nini?

Siku moja mpwa wangu alinijia na ramani aliyoichapisha kwenye karatasi ya A3. Magharibi kabisa, mahali ambapo karatasi ilikuwa bahari tupu, alikuwa amezungushia duara kwa kalamu nyekundu. "Mjomba, hapa ndipo ilipo himaya ya Waarathi. Itafunguliwa pamoja na Northrend."

Nikamwomba anieleze. Ndani ya The War Within kuna pango kubwa linaloitwa Hallowfall, na humo wanaishi Waarathi walionasa, hawawezi kurudi kwao. Wanasimulia habari za mfalme wao na himaya yao ng'ambo ya bahari. Hakuna mchezaji hata mmoja aliyeiona. Ushahidi wote ni maneno ya wasafiri waliopotea.

Nilicheka, maana mashahidi wa namna hiyo nawafahamu. Mwaka 1854 mmisionari Mjerumani, James Erhardt, aliishi Tanga kwa miezi kadhaa akiwahoji watu wa misafara. Walikuwa wakiingia bara kwa njia mbalimbali, na mojawapo ilipita huku kwetu, ikifuata bonde la Mto Pangani chini ya milima ya Upare. Hawakuwa na dira wala maili, umbali waliuhesabu kwa siku za mwendo. Erhardt akagundua jambo: aliyepita kaskazini anasema mwisho wa safari ni maji makubwa. Aliyepita kati kuelekea Ujiji, maji makubwa. Aliyetoka Kilwa, maji makubwa vilevile. Yeye na mwenzake Johannes Rebmann wakaona jibu ni moja. Ramani yao iliyosambaa Ulaya mwaka 1856 ina ziwa moja la kutisha, limelala katikati ya Afrika kutoka karibu na ikweta hadi kule liliko Ziwa Nyasa, nene na lililopinda kama konokono aliyevuliwa gamba. Waingereza waliliita hivyo kwa kejeli.

Wasafiri wawili Waingereza, Burton na Speke, walitumwa kulitafuta. Februari 1858 wakafika Ziwa Tanganyika. Agosti mwaka huohuo Speke akafika peke yake kwenye ukingo wa kusini wa ziwa alilolipa jina la Victoria. Livingstone akafika Nyasa Septemba 1859. Kumbe maziwa ni matatu, na watu wa misafara hawakuwa wamedanganya hata kidogo: kila mmoja alisema alichokiona. Kosa lilikuwa la kuunganisha.

Basi nikamtolea mpwa wangu rula, na ramani yangu ya zamani ya shuleni. Ukisimama Same asubuhi yenye anga safi ukaelekeza dira kwenye Kibo, kilele cha Kilimanjaro, utapata kaskazini kidogo magharibi. Hapo una mstari, mahali bado huna. Kibo kinaweza kuwa popote juu ya mstari huo, kilomita 40 au 400. Mpaka mtu mwingine asimame Taveta, apime naye, na mistari miwili ikatane. Waarathi wametoa mstari gani? Hawakutaja siku za mwendo, hawakutaja upande. Duara jekundu lilikuwa limekaa pale kwa sababu pale karatasi ilikuwa nyeupe.

Lakini kukataa kila shahidi nako ni ugonjwa. Rebmann huyohuyo aliiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848 akaandika habari zake. Huko London, William Desborough Cooley, bingwa wa ramani za Afrika ambaye hakuwahi kuikanyaga Afrika ya ndani, akambeza miaka na miaka: theluji karibu na ikweta haiwezekani! Mwaka 1862 Baron von der Decken na Otto Kersten walipanda hadi zaidi ya mita 4,000 na theluji ikawaangukia. Kila kijiwe cha wacheza gemu kina Cooley wake.

Kuhusu lile swali la nani amesimulia, Wapare tulikuwa nalo kabla ya Blizzard. Profesa Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha 1969 juu ya historia ya siasa ya Upare, alikusanya masimulizi ya koo na kuyapambanisha. Kule Ugweno, Washana, wafua chuma, walishika utawala hadi Wasuya walipowapindua. Mpaka leo ukitaka kuharibu sherehe, waweke Mzee Msuya na Mzee Mshana meza moja, kisha uliza ilikuwaje. Mmoja atakusimulia ushindi. Mwenzake atakunywa soda yake taratibu, halafu ataanza tangu chuma chenyewe kilipofuliwa. Kimambo alijua kwamba ufalme unasimuliwa zaidi na aliyeubakiza mkononi, na ndiyo maana aliwahoji na walioshindwa.

Kwa hiyo, kwa anayeniuliza, ubashiri wangu ni huu. Northrend haitarudi kama ilivyokuwa 2008, maana hadithi yenyewe imeshaichana: mwaka 2020, katika ekspansheni ya Shadowlands, anga juu ya Icecrown, kulekule Northrend, lilipasuka, na mchoraji hawezi kujifanya halikupasuka. Maeneo yanayozunguka Ulduar ndiyo yatakayochorwa upya kwa uangalifu kuliko yote, kwa kuwa hapo ndipo tangazo na vitabu vinapokutana, mistari miwili inayokatana. Njama itakayofichuka itatoka kwenye yale waliyoyaruka matitani walipojisimulia wenyewe. Na himaya ya Waarathi haimo. Mpwa wangu anasema imo, na ameweka dau la chakula cha mchana, wali na kuku. The Last Titan bado haijatoka.