Njia za msituni zisizo na magari, ila zina wenyewe

MTU anayefika kwa baiskeli katika eneo la Salzkammergut, nchini Austria, hugundua upesi kwamba barabara ni nyingi kuliko zile wanazozijua madereva. Juu ya barabara ya lami inayopita ufuoni mwa ziwa kuna njia za changarawe zinazopanda mlimani katikati ya misonobari, hadi kwenye malisho ya ng'ombe. Humo hamna mabasi ya watalii wala magari ya haraka. Nyingi zimefungwa kwa kizuizi cha chuma, na wenye ruhusa ya kupita na gari ni wakata miti, wawindaji na wafugaji tu.

Salzkammergut liko mashariki ya mji wa Salzburg, nalo limegawanyika baina ya majimbo matatu. Ziwa Attersee lina ukubwa wa kilomita 46 mraba. Jirani yake, Traunsee, lina kina cha mita 191 na hakuna ziwa lenye kina zaidi katika Austria nzima. Baina ya ziwa moja na jingine imesimama milima ya mawe ya chokaa, kiasi kwamba asiyetaka kufuata barabara kuu hana budi kupanda. Mandhari haya ndiyo yanayowavuta wapenzi wa baiskeli za changarawe. Wasichokijua wageni wengi ni kwamba kizuizi kile hakikuwekewa magari peke yake. Mbele ya sheria ya Austria, mwenye baiskeli hahesabiwi sawa na anayetembea kwa miguu.

Baiskeli ya changarawe ni ndugu ya baiskeli ya mashindano ya barabarani. Usukani wake umepinda vivyo hivyo, lakini tairi zake ni pana, aghalabu milimita 40 au zaidi, na hutiwa upepo kidogo ili zishike kokoto. Gia zake ni nyepesi, mtu aweze kupanda mlima kwa saa nzima bila kushuka. Mchezo wenyewe ulishika kasi Marekani, ambako mbio za Emporia, katika jimbo la Kansas, zilianza mwaka 2006. Shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli, UCI, liliandaa mashindano ya kwanza ya dunia mwaka 2022 huko Veneto, Italia.

Kwa Wakenya mchezo huu si mgeni. Mbio za Migration Gravel Race zimepita katika nyika za Maasai Mara tangu 2021. Sule Kangangi, nahodha wa kikosi cha Team Amani, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mashindano ya Vermont, Marekani. Tofauti ni kwamba huko Mara mwendeshaji hupambana na vumbi na umbali. Katika milima ya Alps hupambana na mwinuko, na kabla ya mwinuko, na kibao cha marufuku.

Mzizi wa jambo ni Sheria ya Misitu ya mwaka 1975. Kifungu chake cha 33 kilimpa kila mtu haki ya kuingia msituni kujipumzisha, hata kama msitu ni mali ya mtu binafsi. Yalikuwa mapinduzi makubwa, kwani kabla yake mwenye msitu aliweza kumfukuza hata mwokota uyoga. Lakini kifungu hicho hicho kinasema kwamba kupiga kambi usiku, kupanda farasi na kupita kwa chombo cha magurudumu kunahitaji idhini ya mwenye msitu. Kwa barabara za msituni, idhini hutolewa na yule anayezitunza. Baiskeli ni chombo cha magurudumu. Mwaka 1975 waliokuwa wakipanda milima kwa baiskeli walikuwa wachache mno, na ni vigumu kuamini kwamba watunga sheria waliwafikiria sana.

Ili kuelewa ni kwa nini barabara hizo ni nyingi hivyo, na ni kwa nini sehemu kubwa iko mikononi mwa mwenyewe mmoja, inafaa kurudi kwenye chumvi. Jina Salzkammergut maana yake ni milki ya hazina ya kifalme iliyotoa chumvi. Huko Hallstatt chumvi imechimbwa tangu kabla ya historia kuandikwa. Maji ya chumvi yalichemshwa katika masufuria makubwa hadi yakakauka, na moto wake ulikula kuni bila kushiba. Misitu ya jirani ilipoelemewa, watawala waliamua kuyapeleka maji penye kuni badala ya kuzileta kuni penye maji. Kati ya mwaka 1595 na 1607 lilijengwa bomba la magogo yaliyotobolewa, lenye urefu wa kilomita 40 hivi, kutoka Hallstatt hadi Ebensee kwenye ufuo wa Traunsee. Njia iliyofuata bomba hilo ingali inatumiwa na watembeao kwa miguu.

Msitu, kwa hiyo, ulikuwa tanuri la serikali, na serikali haikuuachia. Mrithi wa milki ile ni Österreichische Bundesforste, shirika la serikali lililofanywa kampuni mwaka 1997, ambalo husimamia takriban asilimia 15 ya misitu ya Austria. Wenyeji walibaki na haki za kale za kukata kuni na kulisha mifugo katika ardhi hiyo, haki ambazo hadi leo zinalindwa kwa wivu.

Magogo nayo yalisafirishwa kwa maji. Karibu na Bad Goisern lingali limesimama bwawa la mawe la Chorinsky-Klause, lililojengwa kati ya 1809 na 1819. Maji yalikusanywa nyuma ya ukuta, kisha lango likafunguliwa ghafla na magogo yakasombwa bondeni kwa kishindo. Reli ilifika mwaka 1877, na katika karne ya 20 malori yakaichukua kazi ya mito. Ndipo zilipochongwa barabara za changarawe. Kwa kuwa zilikusudiwa lori lililobeba magogo mazito, mwinuko wake unavumilika, kona zake ni pana, na zina mifereji ya kuondoa maji ya mvua. Mwenye baiskeli asingeweza kujengewa njia bora kuliko hiyo hata kama angeiomba.

Wenye misitu wana sababu zao za kuifunga. Ya kwanza ni fidia: mtu akianguka kwa sababu njia imebomoka, sheria ya kiraia inaweza kumtwika anayeitunza dhima iwapo alizembea vibaya mno. Ya pili, ambayo husemwa kwa sauti ya chini zaidi, ni uwindaji. Nchini Austria haki ya kuwinda hufuata ardhi, na wawindaji huikodi kwa fedha nyingi. Kulungu hutoka kula alfajiri na jioni, saa zile zile ambazo mwajiriwa wa ofisini anapata nafasi ya kupanda baiskeli. Kulungu anayesumbuliwa hujificha kwenye miti michanga na kubambua magome yake, na mti uliobambuliwa huoza kabla ya kufikia umri wa kuuzwa. Hoja hii si kisingizio kitupu, ingawa wapinzani wake huuliza kwa nini lori la magogo halimtishi mnyama huyo.

Suluhisho lililopatikana ni mkataba. Vyama vya utalii au mabaraza ya miji hukubaliana na mwenye msitu, humlipa ada kwa urefu wa njia, na hukata bima inayobeba mzigo wa fidia. Kisha vibao vya baiskeli husimikwa. Aghalabu ruhusa huanza katikati ya Aprili na kwisha mwishoni mwa Oktoba, tena ni ya mchana tu. Anayepita pasipo mkataba anaweza kutozwa faini, na mwenye ardhi anaweza kumshtaki mahakamani pia. Gharama za wakili ndizo humuumiza zaidi kuliko faini.

Vyama vya wapenda milima, kikiwemo Alpenverein kilichoundwa mwaka 1862 na Naturfreunde cha mwaka 1895, vimedai barabara za msituni zifunguliwe kwa baiskeli kama zilivyofunguliwa kwa miguu. Huashiria jimbo jirani la Bavaria, Ujerumani, ambako katiba ya 1946 inatambua haki ya kila mtu kufurahia maumbile, na ambako baiskeli huruhusiwa kwenye njia zinazofaa. Wenye misitu hujibu kwamba baiskeli zenye mota ya umeme zimeleta halaiki ya watu mahali ambapo zamani walifika wenye mapafu tu.

Asiyetaka ugomvi ana pa kupita. Gari moshi jembamba lililounganisha Salzburg na Bad Ischl lilisimamishwa mwaka 1957, na sehemu za njia yake sasa ni za baiskeli. Katika Ziwa Hallstatt, barabara ya magari iko ufuo wa magharibi. Upande wa mashariki kuna reli na njia nyembamba, ambayo mahali fulani imening'inizwa kwa chuma kwenye mwamba juu ya maji. Kituo cha reli cha Hallstatt kiko upande huo huo, na abiria huvuka kwa mashua hadi mjini.

Kwenye njia za juu, zilizo na mkataba na zisizo nao, kuna kibao kimoja ambacho mgeni hapaswi kukipuuza: chenye maneno "Befristetes forstliches Sperrgebiet". Maana yake ni kwamba miti inakatwa na eneo limefungwa kwa muda. Kinamhusu mwenye baiskeli na mtembea kwa miguu sawasawa, kwa sababu gogo lililoachiliwa kwenye mteremko halina breki.