Kamera ya kwanza: Usimalizie pesa zote kwenye bodi

Mwisho wa juma, ndani ya basi linalotoka Dubai kwenda Hatta, ni nadra kukosa watu wanaozungumza Kiswahili. Ni walinzi, wahudumu wa hoteli, madereva na wafanyakazi wa madukani walio kwenye siku ya mapumziko. Safari ni ya kilomita 130 hivi, kutoka kwenye maghorofa hadi Milima ya Hajar, jirani kabisa na mpaka wa Oman. Wakifika kwenye Bwawa la Hatta, kila mmoja anatoa simu. Jua likishapanda, skrini haionekani vizuri, na maji yale ya kijani yanatoka kwenye picha yakiwa meupe. Hapo ndipo wengi huanza kuulizana bei ya "kamera kubwa".

Habari njema ni kwamba kwa mtu wa kipato cha kawaida, kamera za DSLR, zile kubwa zenye kioo ndani na lenzi ya kubadilishwa, hazijawahi kufikika kirahisi kama sasa. Canon ilipotoa EOS 300D mwaka 2003, dunia ilishangaa kwamba kamera ya aina hii imeshuka chini ya dola 1,000: bodi peke yake, yaani kamera bila lenzi, iliuzwa dola 899. Leo watengenezaji wamehamia kwenye kamera zisizo na kioo ndani. Nikon imeshaachana na D3500 iliyoitoa mwaka 2018. Wapigapicha wenye uwezo wanauza za zamani ili wanunue mpya, na soko la mitumba limejaa.

Hata hivyo, kosa la mnunuzi wa kwanza ni lilelile miaka yote: anahesabu megapikseli, anamalizia pesa zote kwenye bodi, kisha anabaki na lenzi iliyokuja nayo. Bodi huchakaa na kupitwa na wakati. Lenzi nzuri hudumu, na utahamia nayo kwenye bodi nyingine. Kwa hiyo unapochagua kati ya Canon na Nikon, unachagua familia ya lenzi. Mfumo wa Nikon wa kufungia lenzi ulianza mwaka 1959, ule wa EF wa Canon mwaka 1987, na lenzi za mitumba za pande zote mbili ni nyingi.

Upande wa Nikon kuna mtego mmoja. Bodi ndogo kama D3400 na D3500 hazina mota ya fokasi ndani, kwa hiyo lenzi ya 50mm f/1.8D italazimika kufokasiwa kwa mkono. Tafuta yenye maandishi AF-S. Faida ya D3500 ni betri: kwa kipimo cha tasnia ya kamera inapiga picha 1,550 kwa chaji moja, nayo inatosha kutwa nzima ya milimani na kubaki. Kwa Canon, EOS 2000D ya megapikseli 24 ni chaguo la maana. Nduguye wa bei ya chini, 4000D, sehemu yake ya kufungia lenzi ni ya plastiki. Hapo rahisi huvunja upishi.

Tuseme umejibana ukapata dirham 1,500, takriban dola 408. Panga hivi: kama dirham 900 ziende kwenye bodi ya mtumba na lenzi yake ya 18-55. Zinazobaki zigawe kwa lenzi ya 50mm f/1.8 ya mtumba, kadi ya kumbukumbu ya kuaminika na filta ya polaraiza.

Filta hiyo ndiyo dawa ya Hatta. Simama ukingoni mwa bwawa, weka jicho kwenye kitundu cha kamera, kisha izungushe taratibu kwa vidole viwili. Mng'ao mweupe juu ya maji unafifia, rangi ya kijani inajitokeza, na miamba ya kahawia nyuma yake inakolea. Angalia kipimo kabla ya kununua: lenzi nyingi za 18-55 za Canon huchukua filta ya milimita 58, na AF-P za Nikon milimita 55.

Ile 50mm nayo utaihitaji kwenye Kijiji cha Urithi cha Hatta, ndani ya vyumba vya udongo na makuti visivyo na mwanga wa kutosha. Kwa f/1.8, yaani tundu lake la mwanga likiwa wazi kabisa, inaingiza mwanga zaidi ya mara tisa kuliko 18-55 iliyovutwa hadi mwisho.

Mtumba haununuliwi kwa picha za mtandaoni. Kutana na muuzaji mahali penye watu, na uende na kadi yako. Mulika tochi ya simu ndani ya lenzi. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, huo ni ukungu, achana nayo. Weka tundu la mwanga kwenye f/16, piga picha ya ukuta mweupe, kisha ikuze: madoa meusi ni vumbi kwenye kihisi cha picha ndani ya kamera, linasafishika, lakini ni sababu ya kupunguziwa bei. Kwa Nikon, idadi ya picha zilizopigwa husomeka ndani ya faili la picha yenyewe. Kamera za daraja hili hutarajiwa kufika picha 100,000 hivi, kwa hiyo iliyokaribia huko isikugharimu kama mpya.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa dukani. Sheria ya Emirati Namba 34 ya mwaka 2021 kuhusu uvumi na uhalifu wa mtandaoni inakataza kuingilia faragha ya mtu kwa kumpiga picha au kuisambaza bila ridhaa yake. Adhabu ni kifungo kisichopungua miezi 6, faini ya dirham 150,000 hadi 500,000, au vyote viwili. Familia iliyotandika mkeka kando ya maji usiielekezee lenzi bila ruhusa, na vituo vya mpakani na vya polisi usivipige picha kabisa.

Kwa hiyo, msomaji, nunua bodi ya jana na lenzi ya kudumu, uijue kamera yako vizuri kabla ya kufikiria nyingine. Na ukiona mtu anakuuzia megapikseli, muulize kwanza habari za lenzi.