Maua ya Ndani Hufa kwa Kunyweshwa

Majani ya ua la sebuleni yakianza kugeuka manjano, wengi hukimbilia kopo la maji, na mara nyingi hapo ndipo ua linapomaliziwa. Mmea hunywa kwa kadiri ya kazi unayoifanya, na kazi yake ni kutengeneza chakula kwa nguvu ya mwanga. Nje, mwanga wa jua la mchana, ukipimwa kwa laksi, hufikia karibu 100,000. Ndani, mita mbili tatu kutoka dirishani, mara nyingi hubaki laksi mia chache tu, na penye pazia zito hata mia hazifiki. Sisi hatuioni tofauti hiyo kwa sababu mboni ya jicho hupanuka tukiingia ndani, chumba kikaonekana cheupe. Mmea hauna mboni. Mwanga ukipungua, chakula hupungua, na maji yanayopanda kutoka mizizini hupungua vilevile. Yasiyotumika hubaki udongoni yakifukuza hewa, mizizi ikakosa pumzi na kuoza. Mizizi iliyooza haipandishi maji tena, kwa hiyo majani hulegea kana kwamba yana kiu, na mwenye nyumba anaongeza kopo jingine.

Ushahidi mzuri uko kwenye ua ambalo siku hizi limejaa kwenye mapokezi ya hoteli na maofisi, lile la majani mazito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Wauza maua huliita ZZ. Wataalamu, Zamioculcas zamiifolia. Ni rahisi kudhani limetoka Ulaya, maana vitalu vya Uholanzi ndivyo vilivyolisambaza duniani tangu miaka ya 1990. Kumbe kwao ni huku: humea porini kuanzia Kenya na Tanzania, Zanzibar ikiwemo, hadi kaskazini-mashariki mwa Afrika Kusini. Chini ya udongo lina viazi vya kuhifadhi maji, na vikonyo vyake vimenenepa kwa sababu hiyohiyo. Kiangazi kikizidi, vijani hudondoka na uhai hubaki ardhini. Tena, likibanwa na ukame linaweza kuvuta hewa ukaa usiku na kufunga matundu ya majani mchana, kama lifanyavyo nanasi, ili maji yasipotee. Kulimwagilia ua la aina hii kila asubuhi, tena kwenye kona yenye giza, ni kulipa lisichoweza kukitumia. Kalenda haisaidii hapa. Chomeka kijiti mpaka chini ya chungu. Kikitoka na udongo mbichi, subiri. Chungu kiwe na tundu, na udongo uchanganywe na mchanga wa chembe kubwa.

Wapo watakaosema joto la Dar es Salaam au Mombasa si la Uholanzi, na maua yetu lazima yanywe zaidi. Ni kweli kwamba chungu kilicho chini ya feni hukauka mapema kuliko kilichoko kwenye baridi ya Arusha. Lakini joto hufupisha kusubiri, haliondoi kusubiri. Hofu ya mbu ina uzito zaidi: sahani yenye maji chini ya chungu yaweza kuzalisha Aedes, mbu wa homa ya dengi, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Basi sahani imwagwe, jambo ambalo mizizi nayo inalitaka. Ile ya kwamba maua hunyang'anya watu hewa usiku ni ya kupuuza, kwani mmea wa chunguni hutumia oksijeni kidogo mno ukilinganisha na mtu mmoja aliyelala. Wauzaji nao hutia chumvi upande wa pili wanaposema maua husafisha hewa. Utafiti wa NASA wa 1989 wanaoutegemea ulifanywa ndani ya makasha yaliyofungwa. Nyumbani, dirisha lililo wazi hushinda maua yote ya sebule. Jingine la kuangalia ni utomvu wa ZZ: huwasha mdomo, hivyo chungu kikae mbali na mtoto anayetambaa.

Mahali ambapo kubana maji hakutoshi ni chumba kisicho na dirisha kabisa. Kustahimili kivuli si kukipenda. Humo ZZ itaishi miezi kwa akiba ya viazi vyake, ikionekana nzima huku inapungua. Ama iwekewe taa nyeupe karibu, iwake kwa muda wa saa 12 kila siku, ama ziwe ZZ mbili zinazopokezana kila baada ya wiki mbili, moja chumbani humo, nyingine barazani. Inayotolewa nje ianzie kivulini, kwa kuwa jua la saa sita huunguza majani yaliyozoea giza.