Jina la mfadhili kwenye bango: Wasanii waandike nini?

KIKUNDI cha maigizo cha vijana wa Kisumu Ndogo, iwe ile ya Kibera au ile ya Korogocho, kinapopata ruzuku yake ya kwanza, kinachosherehekewa ni barua ya kukubaliwa. Kinachosahauliwa ni zile kurasa za mwisho za mkataba, ambako mfadhili ameeleza jinsi anavyotaka kutajwa kwenye mabango, fulana, matangazo ya redio na mitandao ya kijamii. Aghalabu kurasa hizo husomwa siku bango linapopelekwa kuchapishwa, tena na mtu mmoja tu, yule ajuaye kutumia kompyuta.

Kuzipuuza kuna gharama. Ruzuku nyingi hulipwa kwa awamu, na awamu ya mwisho hutolewa baada ya ripoti kupokelewa. Pamoja na risiti, mfadhili hudai nakala za mabango na picha za onyesho. Mkataba wa mfano unaotumiwa katika programu nyingi za Umoja wa Ulaya unasema katika kifungu cha 17 kwamba anayekiuka masharti ya kutambulisha chanzo cha fedha anaweza kupunguziwa ruzuku. Kikundi ambacho tayari kimekopa mbao za jukwaa na kuwaahidi waigizaji nauli hakina nafasi ya kupunguziwa kitu.

Si kwamba kumtaja mtoaji ni desturi ya kigeni. Katika ngoma za nyatiti na ohangla za Waluo, ambao mji wao mkuu ndio uliovipa vijiji hivi jina, kuna pakruok: msikilizaji husimamisha muziki, hutoa pesa, hujisifu au humsifu rafiki yake mbele ya hadhira, kisha ala hurejea. Kwenye harambee, majina husomwa pamoja na kiasi kilichotolewa. Huko pwani, katika Chuo cha Herekali, utenzi wa mwaka 1728, Bwana Mwengo wa Athumani anaeleza ndani ya utenzi wenyewe kwamba alitunga kwa agizo la mfalme wa Pate. Tofauti ni kwamba mfalme hakuleta kurasa za maelekezo kuhusu rangi ya jina lake.

Maelekezo hayo yana sababu. Fedha nyingi zinazofika kwa wasanii wa Nairobi kupitia taasisi za kigeni ni za umma, yaani kodi ya watu wa mbali ambao wana haki ya kujua zilikokwenda. Huko Uingereza, Arts Council England humtaka msanii aliyepata fedha za bahati nasibu ya taifa aonyeshe kwamba ni fedha za umma, na kwamba zimetoka kwa bahati nasibu hiyo kupitia baraza hilo. Hapo mpokeaji anatakiwa kutaja chanzo cha fedha na pia mkono zilimopitia.

Suala la mikono ndilo linalowakanganya wengi hapa kwetu. Mpango wa Ignite Culture, kwa mfano, uliendeshwa na HEVA Fund ya Nairobi pamoja na British Council, kwa fedha za Umoja wa Ulaya na kwa ushirikiano na Jumuiya ya Nchi za Afrika, Karibiani na Pasifiki. Msanii huwa amezungumza na ofisi moja tu, akadhani hiyo ndiyo iliyotoa fedha. Anayetaja mpitishaji peke yake amemwacha mwenye mali, na anayemtaja mwenye mali peke yake amemwacha aliyesimamia kazi. Jibu limo katika mkataba. Lisipoonekana humo, barua pepe moja kwa msimamizi wa ruzuku kabla ya kuchapisha inatosha.

Halafu kuna suala la maneno, ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko nembo. Mabango yetu hutumia “kwa ufadhili wa”, “kwa udhamini wa”, “kwa ushirikiano na” na “kwa hisani ya” kana kwamba ni kitu kimoja. Mfadhili ni aliyetoa fedha ili kazi ifanyike, bila kudai faida ya biashara. Mdhamini, kwa maana ya asili, ni aliyeweka dhamana. Kortini ndiye anayeulizwa mshtakiwa akitoroka. Kurasa za michezo zimelizoesha neno hilo kwa kampuni inayolipa ili jina lake lionekane kwenye jezi, na maana hiyo imekubalika. Lakini kuliita shirika lililotoa ruzuku “mdhamini” ni kudokeza kwamba linatangaza bidhaa, au kwamba limeahidi kubeba lawama za onyesho. Mshirika naye ni aliyeshiriki kazi yenyewe: aliyefundisha waigizaji, aliyesaidia kuandika. Hisani ifaa kwa aliyetoa kitu badala ya fedha, kama vile kanisa lililotoa ukumbi au fundi aliyeazima vipaza sauti.

Uwazi huo unahitajika hata katika filamu. Soul Boy, iliyopigwa Kibera na kutolewa mwaka 2010, iliongozwa na Hawa Essuman na kuandikwa na Billy Kahora, ikiwa chini ya ulezi wa mwongozaji Mjerumani Tom Tykwer. Mtu anayetengeneza bango la kazi ya namna hiyo hushawishika kulitanguliza jina linalojulikana Ulaya. Aliyeongoza, aliyeandika, aliyelea na aliyelipa ni watu wanne tofauti, na bango lina nafasi ya kuwatenganisha.

Kuhusu nembo, masharti hufanana. Isivutwe ikapinda, isibadilishwe rangi, isiunganishwe na nembo ya kikundi. Ya Umoja wa Ulaya haipaswi kuwa na kimo cha chini ya sentimita moja, wala kuonekana kwa udogo kuliko nembo nyingine zilizo kando yake, na huambatana na maneno yanayosema kwamba kazi imefadhiliwa na umoja huo. Vikundi vinavyotoa nakala nyeusi kwenye kibanda cha fotokopi visiwe na hofu: ikiwa wino mweusi pekee ndio uliopo, mstatili huchorwa kwa mstari mweusi na nyota kumi na mbili huwa nyeusi juu ya nyeupe. Nembo iokotwayo kwenye intaneti hutoka na ukungu. Iombwe faili halisi. Na kwa kuwa wafadhili wengi hutaka kuliona bango kabla halijachapishwa, ni busara kulipeleka mapema, si usiku wa kuamkia onyesho.

Yapo mambo ambayo nembo haiwezi kuyasema. Tuseme mchezo unahusu ubomoaji wa Julai 2018, uliowaacha maelfu ya wakazi wa Kibera bila makao ili barabara ipite. Nembo ya ubalozi ikiwa juu ya jina la mchezo, mtazamaji ataamini kwamba ubalozi ndio unaozungumza. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya huagiza maelezo mafupi kwamba maoni ni ya mwandishi pekee na kwamba wenyewe hauwajibiki kwayo. Sentensi hiyo humlinda mfadhili, na humlinda msanii pia, kwani inatangaza kwamba maneno ya jukwaani hayakununuliwa.

Mara nyingine inafaa nembo isiwepo kabisa. Kanuni za shirika la Marekani la USAID, ambalo lilisisitiza sana kutambulishwa kwa misaada yake, ziliruhusu kuomba msamaha pale nembo ingeondoa hali ya kutoegemea upande katika kazi kama ya uchaguzi, au ingekiuka mila za wenyeji. Wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, msanii Solo7 aliandika wito wa amani kwenye kuta za Kibera. Je, maneno hayo yangesomwa vilevile yakiwa na nembo ya serikali ya kigeni chini yake? Naye Mfaransa JR, aliyefunika mapaa ya Kibera kwa picha kubwa za wanawake mwaka 2009, hufanya kazi bila nembo za kampuni. Picha zile zilichapishwa kwenye turubai lisilopitisha maji, hivyo zikazuia pia mvua. Lakini JR alijigharimia. Aliyepokea ruzuku hawezi kuamua peke yake kuificha nembo; ruhusa huombwa, tena kwa maandishi.

Jambo moja wafadhili wa mbali hawalifikirii. Katika kijiji ambako nyumba zimebanana, nembo ukutani husomwa kama tangazo kwamba pesa zimeingia. Mwenye ukumbi hupandisha kodi, jirani huuliza fungu lake, na kikundi kilicholipiwa uchapishaji na nauli pekee hushukiwa kula mamilioni. Mkataba ukiruhusu, ni heri kuandika kilicholipiwa: “Ufadhili wa shirika fulani umegharimia ukumbi na mavazi.” Msamiati kama huo humweka mahali pake pia mheshimiwa aliyetoa shilingi elfu tano za soda akataka picha yake iwe kubwa kuliko ya waigizaji wote.

Limebaki swali la muda. USAID ilikoma kuendesha misaada yake tarehe 1 Julai 2025, ilhali nembo zake zingali kwenye kuta, vitabu na filamu. Kazi iliyolipiwa na fedha hizo ibaki na jina hilo, hata ikichapishwa upya, kwa kuwa ndiyo historia yake. Bango la onyesho jipya, lililolipiwa kwa viingilio vya wakazi wenyewe, halihitaji nembo hiyo, hata kama faili yake ingali kwenye kompyuta ya kikundi.